Mdogo wangu, hiyo ratiba ya ukutani ibandue

Mdogo wangu wa Uyole,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikicheka. Umebandika ratiba ukutani: saa kumi na mbili na nusu kuoga, saa moja kula, saa mbili kulala. Na mwanao, miaka minne hiyo, anaipita kama haioni. Sasa ataionaje, mama? Saa yenyewe hajui kuisoma. Yangu ilidumu siku tatu, ya nne nikakuta imeshageuzwa ndege ya karatasi.

Kilichonisaidia ni kuachana na saa nikashika mfuatano. Jioni maji yakianza kulia sufuriani, mtoto wangu anakwenda kuleta beseni lake. Akioga, soksi (baridi ya Iringa mwezi wa sita unaijua, ingawa mbele ya yenu ya Uyole inasalimu amri). Akivaa soksi, anavuta kigoda kunisaidia kumenya viazi vya kuchemsha. Kiazi kimoja dakika tano! Anabandua ganda kwa ukucha, kipande kidogo kidogo, anakibandika kwenye goti, anakiangalia, halafu anamega kiazi anakula. Zamani nilikuwa namnyang'anya ili tuwahi. Siku hizi vya kupika namenya mimi, yeye namwachia viwili vyake.

Baadaye hadithi. Hii nayo ilikuja kwa bahati tu. Umeme ulikatika, simu haina chaji, katuni hakuna, mtoto analia. Ikabidi nimkumbuke bibi. "Hadithi, hadithi!" Kimya, hajui kuitikia. Nikamfundisha: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Nikamsimulia sungura na fisi, nusu nimeisahau, nikajazia ya kwangu. Kesho yake umeme upo, akaja mwenyewe akazima taa, akakaa. Mpaka leo mzima taa ni yeye, na ole wangu fisi aanguke mtoni wakati jana alianguka shimoni.

Uliniuliza alale saa ngapi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wa miaka mitatu na minne wapate jumla ya saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, ule wa mchana ukiwemo, na kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja. Wa kwangu akilala saa mbili, saa kumi na mbili asubuhi ameshafikisha kumi. Hesabu ya wako ianzie saa anayoamshwa kwenda shule, urudi nyuma.

Na jiko la mkaa, tafadhali. Najua mnalizunguka jioni mkiota moto, na raha yake naijua. Lakini msilale nalo ndani hata siku moja. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, ukadhani umetulia, kumbe hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu wamelala. Litoe nje kabla hamjafunga mlango.

Kuhusu baba asiyekuwepo, mimi nawe tuko sawa. Shemeji yako na lori lake, leo Tunduma, kesho anashuka mlima Kitonga kwenda Dar. Ningesema tumsubiri yeye ndipo tufanye jambo la familia, tungekuwa hatujafanya lolote. Kwa hiyo Jumapili tukitoka kanisani tunapanda mwamba wa Gangilonga, awepo asiwepo. Nilimwambia mtoto kwamba kwa Kihehe hilo jina ni jiwe linaloongea. Kosa langu. Sasa kila tukifika analaza sikio juu ya mwamba, anafumba macho, na mimi nisipumue kwa nguvu.

Jumapili iliyopita nikamuuliza, limesemaje?

"Baba yuko Makambako."

Tukampigia. Yuko Tunduma, kwenye foleni ya mpakani. Mtoto akaniangalia, akaliangalia jiwe, akalirudia kwa sikio la pili.

Dada yako,
Iringa