Mjomba, kile kikanisa msikibomoe

Shikamoo Mjomba,

Najua simu ingetosha, ila hili nataka na wengine wa nyumbani walisome, hasa wanakamati ya ujenzi.

Jumamosi nilipanda basi kutoka Dublin hadi Glendalough, bonde la maziwa mawili katika milima ya Wicklow, ambako Mtakatifu Kevin alianzisha makao ya watawa karne ya 6. Wageni wengi hukimbilia mnara wa mviringo. Una haki ya kutazamwa: unakwenda juu meta 30 hivi, na mlango wake uko meta tatu na nusu kutoka ardhini. Mimi nilibaki kwenye kanisa kuu, lisilo na paa, mvua ikininyeshea, nikakukumbuka wewe.

Kuta zake za ubavuni hazikomi kwenye pembe, Mjomba. Zinapitiliza ukuta wa mbele kidogo, huku na huku, kama vile fundi alisahau kusimama. Niliweka kiganja pale, jiwe la baridi lenye chembe zinazometameta, nikajiuliza ungesema nini. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya: makanisa ya kwanza ya Ireland yalikuwa ya mbao, mengi ya mwaloni, yenye nguzo kwenye pembe. Mafundi walipohamia kwenye mawe, wakaziiga nguzo zile kwa mawe.

Mbao ziliwatesa. Kumbukumbu za watawa zinasema mwaka 850 kanisa la mbao la Trevet lilichomwa moto likiwa na watu 260 ndani. Hata hivyo makanisa ya mawe hayakuwa mengi kabla ya karne ya 10, na yalipoanza kujengwa, alama ya lile la mbao ikaachwa ukutani. Nilisimama pale machozi yakinilengalenga. Fundi aliyeushika ule mwiko hakutaka nyumba ya waliomtangulia isahaulike.

Tena mwezi uliopita nilikwenda Clonmacnoise, makao mengine ya kale ya watawa, ukingoni mwa mto Shannon. Pale mfalme Flann Sinna na abati Colmán walijenga kanisa kuu la mawe mwaka 909. Hatua chache tu kutoka hapo kuna kikanisa cha Mtakatifu Ciarán, mwanzilishi wa makao yale, chumba ambacho urefu wake wa ndani haufiki meta nne. Inaaminika amezikwa humo. Kwa vizazi watu walichota udongo wa ndani wakaupeleka kwenye pembe za mashamba yao, ulinde mazao na mifugo, mpaka sakafu ikashuka. Kuta zimeinama, ukitundika timazi hapo utashika kichwa. Lakini kipo. Kanisa kubwa lilisimama na kidogo kikaachwa kando yake, na hadi leo watu huinama kuchungulia ndani.

Sasa naambiwa kanisa letu jipya limeshaezekwa, na kamati inataka kile cha zamani kibomolewe ili magari yapate pa kuegesha. Mjomba, kile ulikijenga ukiwa saidia fundi wa babu. Mama alibatizwa humo. Ukuta wa upande wa migomba una alama za vidole kwenye chokaa, na uliwahi kunionyesha ni vya nani.

Siombi kitengenezwe kiwe kipya. Kiezueni bati kama limeoza, zungusheni wigo, kuta ziacheni. Magari yanaweza kukaa upande wa kisima, ardhi ipo. Kwenye kamati ile wewe ndiye mwenye neno, maana mwiko wako umepita kwenye kuta zote mbili.

Kikao ni Jumapili baada ya ibada. Nitakupigia jioni ukishatoka. Kabla hujaingia, pita kwanza ule ukuta wa migomba, uvitazame vile vidole vya babu.

Mpwa wako