Chaki haina nafasi juu ya miamba ya kale ya Uskoti

Mhariri,

Nimesoma kwa furaha makala mliyochapisha kuhusu michoro iliyochongwa na watu wa kale kwenye miamba ya Uskoti. Ni nadra somo hili kupewa ukurasa mzima katika gazeti la Kiswahili, na mwandishi wenu amelieleza kwa utulivu. Hata hivyo, picha kubwa iliyoambatana na makala hiyo ilionyesha mwamba ambao vishimo na miduara yake ilikuwa imepakwa chaki nyeupe, na chini yake hapakuwa na maelezo yoyote. Msomaji anayeiona picha hiyo anaweza kudhani kwamba hivyo ndivyo wataalamu wanavyofanya kazi, ilhali ndilo jambo ambalo watu wanaojitolea kurekodi michoro hii siku hizi hukatazwa tangu mwanzo.

Uharibifu wenyewe hauhitaji maneno mengi: anayesugua chaki ili kuiondoa husugua pia uso wa jiwe ambao umevumilia mvua na barafu kwa miaka ipatayo 5,000. Kwangu mimi, kosa kubwa zaidi ni kwamba anayepaka chaki amekwisha kuamua kipi ni mchoro na kipi si mchoro, kisha akaufuta ushahidi ambao ungemwezesha mwingine kumpinga. Michoro mingi ya Uskoti ni vishimo vidogo vya mviringo, vilivyotengenezwa kwa kuugongagonga mwamba kwa jiwe gumu, na baadhi yake vimezungukwa na miduara. Mwamba huohuo huwa pia na vishimo vilivyochimbwa na maji na baridi, bila mkono wa mtu. Vyote viwili vikijazwa chaki, vinafanana.

Mfano ulio wazi ni jiwe la Cochno, karibu na Clydebank, magharibi ya Glasgow. Mwaka 1937 Ludovic Mann, mwanaakiolojia asiye wa chuo, alilipaka jiwe hilo rangi za mafuta ili michoro ionekane, na juu yake akaongeza mistari ya vipimo aliyoibuni mwenyewe, kwa kuwa aliamini kuwa michoro hiyo ilihusiana na kupatwa kwa jua na mwezi. Kwa hiyo aliyelitembelea jiwe baada ya hapo aliona kwanza mawazo ya Mann, kisha ndipo aone kazi ya wachongaji. Wageni waliendelea kuongezeka, wengine wakachonga majina yao, na mwaka 1965 mamlaka ikaamua kulifukia lote chini ya udongo. Lilifunuliwa kikamilifu mwaka 2016 na kikundi kilichoongozwa na Kenny Brophy wa Chuo Kikuu cha Glasgow, likapigwa picha na kupimwa kidijitali, kisha likafukiwa tena. Nililolipenda katika kazi ile ni kwamba rangi za Mann na majina ya wageni navyo vilirekodiwa kama sehemu ya historia ya jiwe.

Njia inayotumika sasa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mwamba haupakwi kitu. Mpigaji picha huuzunguka akipiga picha nyingi zinazopishana, na programu ya kompyuta hulinganisha picha hizo na kuunda mfano wa pande tatu, ambao mtazamaji anaweza kuugeuza na kuumulika kutoka upande wowote. Penye jua la utosini mwamba huonekana mtupu, wa kijivu. Tochi ikilazwa pembeni, karibu kugusana na jiwe, kila kishimo hujaa kivuli upande mmoja, na miduara ambayo haikuonekana kabisa hujitokeza. Majani yaliyoanguka juu yake huondolewa taratibu kwa mkono au brashi laini. Chuma na dawa za kusafishia havikaribii. Shamba likiwa na mwenyewe, anaarifiwa kwanza, hata kama sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea mashambani kwa adabu.

Kwa njia hizi, mradi wa miaka mitano uliosimamiwa na Historic Environment Scotland, taasisi inayotunza urithi wa kale wa Uskoti, kuanzia mwaka 2017 uliwafunza wakazi wa kawaida kurekodi miamba ya maeneo yao. Inajulikana miamba zaidi ya 3,000 yenye michoro nchini humo, idadi ambayo wanaakiolojia wachache wa kuajiriwa wasingeimaliza peke yao.

Makala yenu ilitumia nafasi kubwa kwa michoro ya kulungu iliyogunduliwa katika kaburi la kale la Dunchraigaig, bonde la Kilmartin, na kutangazwa mwaka 2021. Sishangai, kwani ndiyo michoro ya kwanza ya wanyama wa enzi hiyo kujulikana Uskoti. Kaburi lile lilifukuliwa tangu karne ya 19 na watu wakawa wanachungulia ndani yake miaka yote. Kulungu walionekana pale mtu mmoja alipomulika kwa tochi upande wa chini wa jiwe la kufunikia. Lakini michoro hiyo ya kulungu inalindwa sasa. Kilicho hatarini ni kishimo kimoja au viwili kwenye mwamba ulio katikati ya malisho, ambao haujaorodheshwa chini ya sheria ya mwaka 1979 ya kulinda kumbukumbu za kale na maeneo ya akiolojia, na ambao mtu anayeotesha miti au mwenye trekta atapita juu yake kwa sababu tu haumo kwenye ramani yoyote anayoiona. Mwamba kama huo, ukipewa picha nzuri na nambari sahihi za ramani, angalau anayepanga mahali pa kuotesha msitu hawezi kusema hakujua.

Naomba basi, Mhariri, mchapishe maelezo mafupi kuhusu picha ile yenye chaki, mkitaja kwamba ni ya mtindo uliokwisha kuachwa, na makala ijayo iambatane na picha ya mwamba wa kawaida iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa gazeti lenu