Kliniki yasema "ganzi tu", hospitali yasema nusu kaputi: nimsikilize nani?

Daktari, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 41, naishi Dar es Salaam. Wawili wa mwisho nilijifungua kwa upasuaji, na tangu hapo ngozi ya tumbo imelegea ikaninginia, mazoezi hayakusaidia kitu. Nimeamua kunyonywa mafuta ya ubavuni na kukatwa hiyo ngozi ya chini ya kitovu. Tafadhali usinishauri niache. Wa kunikataza ninao wa kutosha nyumbani. Kinachonisumbua ni usingizi wa upasuaji.

Kliniki moja ya binafsi inasema sihitaji nusu kaputi. Watanijaza maji yenye ganzi chini ya ngozi, wataniongezea "dawa kidogo ya kutuliza" kwenye mshipa, na jioni narudi kwangu. Nilipouliza nani atakuwa ananiangalia nikishatulizwa, dada wa mapokezi akacheka: daktari huyohuyo anayepasua, na nesi wake. Hospitali niliyokwenda baadaye inataka karibu mara mbili ya fedha hizo. Huko ni usingizi kamili, mpira wa kupumulia kooni, daktari wa usingizi asiye na kazi nyingine chumbani isipokuwa mimi, na kulala wodini usiku mmoja. Mdogo wangu, nesi huko Mombasa, naye ana lake: nichomwe sindano ya mgongo kama ile ya uzazi, yaishe.

Mtu angedhani aliye macho yuko salama kuliko aliyelazwa. Lakini nimesoma, na nilichosoma hakinipi usingizi. Ganzi ina kipimo kulingana na kilo za mtu. Lignokeini, ndiyo dawa yenyewe ya ganzi, ikiwa ya kawaida haizidi miligramu 4.5 kwa kilo, au 7 ikichanganywa na adrenalini, ile inayobana mishipa ya damu. Kwenye kunyonya mafuta hufika hata 35 na zaidi, kwa kuwa imezimuliwa sana na mafuta huiachia polepole. Hiyo polepole ndiyo inayonitisha. Kiwango chake kwenye damu kinaweza kufika kileleni saa kumi au zaidi baadaye, wakati kliniki imeshafungwa nami niko kitandani kwangu. Ikizidi, masikio huvuma, midomo hufa ganzi, mwili hukakamaa na kutetemeka, na moyo unaweza kusimama. Niliwauliza kama wanayo ile dripu ya mafuta ya kumwokoa mtu aliyezidiwa na ganzi. Walinitazama tu.

Na hiyo "dawa kidogo" ni propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, ndiyo iliyomuua Michael Jackson mwaka 2009 akiwa nyumbani bila mashine za kutosha za kumfuatilia. Nimeelewa kwamba kati ya kusinzia na kuacha kupumua hapana nafasi kubwa. Mimi nakoroma vibaya, na baba watoto hunisukuma usiku akiona kimya kimezidi. Nina presha pia, natumia vidonge.

Kuna jambo jingine. Tangu mwaka jana najichoma sindano ya kila wiki ya kupunguza uzito. Daktari wa usingizi wa hospitalini ndiye aliyeniuliza habari zake, kwa sababu dawa hizo huchelewesha chakula tumboni: unaweza kufunga saa sita bila kula na bado tumbo lina kitu, ukalala, kikapanda na kuingia mapafuni. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri sindano ya wiki isimamishwe wiki moja kabla. Kliniki hawakuniuliza hata kama nina presha!

Kuhusu mgongo, daktari huyo alisema ganzi yake huenda ikaisha kabla kazi haijaisha, kwa kuwa nataka kunyonya na kukata kwa pamoja. Mdogo wangu anasema ni visingizio vya kuongeza bili.

Pesa ya hospitali sitakuwa nayo mpaka kikoba kivunjwe Desemba, na kliniki nimeshawalipa kianzio ambacho wanasema hakirudi. Nimeshakubali kukipoteza ikibidi.

Naomba unijibu haya. Kwa mtu wa presha na wa kukoroma namna yangu, ni kweli usingizi kamili wenye mpira ni salama kuliko huo wa kutulizwa? Nikigawa kazi, ninyonywe kidogo kwa ganzi peke yake bila ya kutuliza, ngozi nikate baadaye, hatari inapungua au naichukua mara mbili? Sindano niisimamishe lini, na kidonge cha presha ninywe asubuhi ya siku yenyewe? Daktari wa usingizi nikishapewa jina lake, Baraza la Madaktari Tanganyika wataniambia kama kweli ni bingwa wa fani hiyo, au orodha yao inaonyesha udaktari tu?

Na kama yupo msomaji aliyenyonywa mafuta akiwa macho, aniambie usiku ule nyumbani alikuwa na nani, na kama alipewa namba ya kupiga.

Mama wa Watatu,
Tabata