Kwa wanangu mnaozungusha mpira

Wanangu wa Mombasa, Nairobi na kokote Kenya mnakocheza kriketi,

Nawasalimu. Nimewaona mkipigwa sita moja tu (mpira unaovuka mpaka wa uwanja bila kugusa ardhi), kisha ova yote iliyobaki (ova ni mipira sita) mnarusha mpira wa chini, wa haraka, ulionyooka kama wa mrushaji wa kasi asiye na kasi. Linaniuma. Kazi yenu iko hewani. Mpira ukipaa juu ya macho ya mpigaji, hajui asogee mbele au arudi nyuma, na hapo ndipo mnapomnasa, kabla haujagusa ardhi. Mkiuharakisha, mmemwondolea mashaka yote.

Mnamjua Aasif Karim? Mzaliwa wa Mombasa, mzungushaji wa mkono wa kushoto. Alikuwa nahodha wetu Kombe la Dunia la 1999, akastaafu, kisha akaitwa tena 2003 akiwa na miaka 39. Tarehe 15 Machi mwaka huo, mjini Durban, tulikuwa tumepata mikimbio (alama) 174 tu, na Australia, mabingwa watetezi, walikuwa wakielekea kuipita mapema. Karim akapewa mpira. Ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7 tu, akapata wiketi 3, yaani wapigaji watatu aliowatoa. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja! Ricky Ponting mwenyewe alitolewa naye. Tulishindwa, lakini mchezaji bora wa siku ile alikuwa mzee wetu. Miaka 39, wanangu. Nanyi mna 19 mnaniambia mmechelewa.

Karibu majuma matatu kabla yake, tarehe 24 Februari, hapa Nairobi, Collins Obuya aliwaangusha wapigaji watano wa Sri Lanka huku akitoa mikimbio 24 tu, akizungusha kwa kifundo cha mkono, tukashinda kwa mikimbio 53. Akachukuliwa na klabu ya Warwickshire ya Uingereza. Baadaye ule mzunguko ukamtoka. Alipofikisha mikimbio 98 bila kutolewa dhidi ya Australia mwaka 2011, alikuwa mpigaji. Namheshimu sana kwa kujijenga upya namna ile. Lakini bado najiuliza, mzunguko ulipoanza kumponyoka, nani wetu alikaa naye mazoezini? Kuzungusha kwa kifundo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye mchezo huu, na kijana hawezi kuirekebisha peke yake. Kwa hiyo mtafuteni aliyewatangulia, mmwombe awatazame mkono mapema, mkiwa bado mnapata wiketi. Nanyi makocha, msimwondoe mtoto baada ya ova mbili mbaya. Mwacheni apigwe, mumsogezee mlinzi mpakani.

Kesho mazoezini tandikeni leso mahali mnapotaka mpira uangukie. Mwenzako asimame, umwambie apige kwa nguvu zake zote. Akikupeleka nje ya uwanja, rudia mpira uleule, uupandishe juu kidogo zaidi.

Mzee wenu