Risala ya Wafumaji wa Kroshia kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mzee wa mtaa, mwenyekiti wa kikundi, akina mama, akina baba, vijana na watoto wetu: hamjambo!

Mama, karibu Eastlands. Ni desturi risala ianze kwa kutaja kikundi kilivyoundwa na idadi ya wanachama. Tunakuomba ruhusa tuanze na lile duara la rangi lililotundikwa ukutani, maana ndani yake mna habari zetu zote.

Linaitwa mandala. Ni neno la Kisanskriti lenye maana ya duara, na chimbuko lake ni ibada za Wahindu na Wabuddha. Watawa wa Tibet huiunda kwa mchanga wa rangi siku nyingi, punje kwa punje, kisha huifagia na kuumwaga mchanga katika maji yanayotiririka. Sisi tumeazima umbo, na chimbuko lake tunalitaja kwa heshima. Hata hivyo, kwa mikono yetu umbo hili si geni. Kiondo, kikapu chetu cha kusuka, nacho huanzia kitovuni, kikazunguka na kupanuka hadi mdomoni. Wengi wetu tulikulia miguuni pa mashosho, yaani nyanya zetu, waliosokota mkonge pajani, na nyumba tulizolelewa hazikukosa vitambaa vya kroshia kwenye migongo ya makochi, vilivyopigwa wanga vikasimama wima. Hapo ndipo tulipojifunzia kushika sindano.

Duara hili lina upana wa sentimita 72 na mizunguko 30. Mzunguko wa kwanza una mishono mirefu 12, wa pili 24, wa tatu 36, na kila mzunguko unaofuata unaongezwa 12. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, nasi tukafuata bila kuuliza. Aliyetueleza sababu ni binti yetu mmoja wa sekondari, anayekuja kufuma akitoka shule. Alichukua kalamu akatuonyesha kwamba nusukipenyo ikiongezeka kidogo, mzingo huongezeka mara 6.28 ya kile kidogo, yaani pai mara mbili. Mshono mrefu una kimo cha karibu mara mbili ya upana wake. Basi kila mzunguko mpya unadai nafasi ya mishono kama 12 zaidi. Mshono mfupi kimo na upana wake vinakaribiana, ndiyo sababu wenyewe huongezwa 6. Mama, ukumbi ulinyamaza. Kuna mwenzetu aliyefuma miaka mingi kuliko umri wa binti huyo, na siku hiyo alimshika mkono akamwambia asante.

Ukiongeza mishono pungufu, duara hujikunja likawa kofia. Ukizidisha, ukingo hupiga mawimbi kama marinda. Hilo la pili lilitupata. Tulipofika mzunguko wa 14 kazi haikutaka kulala mezani. Tulijifariji kwamba itanyooka tukiilowesha na kuibana kwa pini. Haikunyooka. Tukahesabu kurudi nyuma hadi mzunguko wa 9, tukakuta mtu ameongeza mara mbili palipotakiwa mara moja. Tulifumua mizunguko sita, zaidi ya mishono 800. Aliyekosea alilia. Aliyeketi kando yake hakusema neno. Alianza kuuviringisha uzi kuwa donge upya kadiri ulivyokuwa ukivutwa.

Ukiweza, mama, iguse. Watu wengi huitazama kwa macho tu, na nusu ya kazi inawapita. Vile vinundu vidogo tunaviita bisi. Kila kimoja ni mishono mirefu mitano iliyofumwa katika tundu moja; kisha sindano hutolewa, hudungwa kwenye kichwa cha mshono wa kwanza, na kitanzi cha mwisho huvutwa kupitia hapo, mitano yote ikafumbatana na kutuna. Bisi huvuta kitambaa ndani, kwa hiyo kati ya moja na nyingine tunaacha mnyororo mdogo ili duara lipumue. Ile mistari iliyoinuka kama mbavu hupatikana kwa kuzungusha sindano kwenye shina la mshono wa chini badala ya kuidunga kichwani pake. Mtoto mmoja wa mwanachama wetu ana tatizo la macho. Huizunguka mandala kwa vidole na hutuambia amefika mzunguko wa ngapi.

Rangi tulizichagua kwa mabishano ya wiki mbili. Kitovu ni cheusi, rangi ya udongo wetu wa huku Eastlands unaonasa viatu mvua ikinyesha. Zambarau ni ya mijakaranda ya Oktoba. Rangi ya chungwa ilishinda kwa kura moja. Nyuzi ni za pamba, tulizozinunua mjini, Biashara Street, zote kwa siku moja, kwa sababu rangi ile ile ikitoka kwenye mapipa mawili tofauti ya kutilia rangi haifanani, na jicho hulibaini hilo kazi ikishatundikwa.

Mikono saba iliifanya kazi hii, na hakuna mikono miwili inayofuma sawa. Mmoja huukaza uzi, mwingine huulegeza. Mzunguko wa huyu hubana na wa yule hupwaya. Tulijaribu kuelekezana, tukakasirikiana bure. Dawa ilikuwa kubadilisha sindano. Mwenye mkono mkazo tulimpa sindano ya milimita 4.5, mwenye mkono mlegevu 3.5, na wengine wakabaki na 4. Baada ya hapo, hata sisi wenyewe hatuwezi kukuonyesha alipoachia mmoja akapokea mwingine.

Mama, hapa ndipo tunapofikia jambo linalotuuma. Ukiacha bisi na mbavu, mishono ya kawaida pekee inafika 5,580. Mfanyabiashara mmoja aliiona mandala hii akataka kuinunua kwa shilingi 800. Nyuzi zake zilitugharimu shilingi 1,350. Tulipomwambia hivyo, alijibu kwamba akina mama hufuma wakiwa wanapiga soga, kwa hiyo muda wao hauna bei. Tumelitafakari neno hilo kwa uchungu. Ni kweli tunapiga soga. Fundi wa viatu pia huongea akishona, na hakuna anayemkata senti kwa hilo.

Hatuombi fedha za msaada. Tunaomba mambo mawili. Kwanza, utusaidie tupate ufunguo wa ukumbi huu hadi saa mbili usiku, na taa mbili zaidi, maana wengi wetu tunatoka kazini jioni, na uzi mweusi chini ya taa hafifu hauhesabiki. Pili, wageni wako wanapohitaji zawadi, walete wakae nasi saa moja tu, watazame sindano ikienda, kisha ndipo tuzungumze bei.

Mandala hii ni yako. Hatukuifuma kwa ajili ya kuuza, na tulimkatalia yule mfanyabiashara kwa moyo mweupe. Ukiifua, tumia maji baridi na sabuni kidogo, usiikamue kwa kuisokota. Ikunje ndani ya taulo uikandamize. Ianike ikiwa imelala, kivulini, kwa sababu jua la Nairobi hula zambarau. Na ikitokea uzi umechomoka nyuma, usiukate. Ulete Jumamosi yoyote alasiri. Aliyeufunga yupo, ataujua ni wake.

Asante, mama.

Risala hii imesomwa na katibu kwa niaba ya wanachama wote.