Kwa Nini Kuweka Muziki Wako Kwenye Mashine ya Gemu Si Kazi ya Waya Mmoja

Hivi karibuni mteja mmoja alituandikia kwamba tumemwibia. Sisi ni mafundi wa makabati ya gemu, yaani mashine za kusimama zenye skrini na vidhibiti vyake. Alituletea kabati lake la gemu za zamani, akaomba apate kusikiliza muziki wake mwenyewe huku akicheza, nasi tukamtoza ujira wa karibu siku nzima kwa jambo ambalo yeye aliamini lingemalizwa kwa waya mmoja wa Y. Yeye si wa kwanza kulalamika hivyo. Kwa kuwa lalamiko hili halikomi, tumeona tueleze kazi yenyewe ilivyo, na kwa nini waya huohuo ndio unaotuletea mashine nyingi mezani kuliko kitu kingine chochote.

Waya wa Y una kazi yake, nayo ni kugawa sauti moja iende sehemu mbili. Mteja huugeuza: ncha moja anaichomeka kwenye kompyuta ya kabati yenye emuleta, yaani programu inayoiga mashine za gemu za zamani, ya pili kwenye simu yenye muziki, na ya tatu kwenye amplifaya. Kwa macho inaonekana sawa, na kwa dakika za mwanzo hata masikio hukubali. Lakini tundu la kutolea sauti limetengenezwa lisukume umeme kuelekea kwenye ukinzani mkubwa, aghalabu wa omu 10,000 au zaidi, ambao ndio ukinzani wa tundu la kuingizia la amplifaya, ilhali ukinzani wa tundu la kutolea ni mdogo sana kuliko huo. Matundu mawili ya kutolea yakiunganishwa ana kwa ana, kila moja linakuwa mzigo mzito kwa jingine, umeme unaishia kwa mwenzake badala ya kufika kwenye amplifaya, na kinachosikika ni sauti dhaifu inayokwaruza kila mlipuko unapotokea kwenye gemu.

Tuliwahi kupokea kabati ambalo mwenyewe alikuwa amelibadilishia spika mara mbili na amplifaya mara moja, kwa kuamini kwamba zimeungua. Tulipochomoa waya wa Y na kupima kifaa kimoja baada ya kingine, tulikuta spika zake za kwanza, alizokuwa bado amezitunza kwenye mfuko, ni nzima kabisa. Kilichokuwa kimekufa ni upande wa kushoto wa kadi ya sauti, yaani sehemu ya kompyuta inayotoa sauti, ambayo kwa miezi kadhaa ilikuwa ikisukumana na simu. Alilipia vitu vitatu ambavyo havikuwa na hitilafu, kisha akatulipa sisi na kununua kadi mpya.

Sisi hufunga miksa ndogo, kifaa cha kuchanganya sauti, na pale ambapo nafasi ndani ya kabati haitoshi huchomea rizista, yaani vipande vidogo vya kuukinza umeme, kwenye kila njia, ili kila chanzo kifike kwenye amplifaya bila kugombana na kingine. Gemu nyingi za mwanzo zilitoa sauti ya njia moja, kwa hiyo makabati mengi yana spika moja tu, na hapo upande wa kushoto na wa kulia wa muziki navyo hulazimika kukusanywa kwa rizista zake. Ndiyo maana kwenye ankara tunaandika njia tatu na si mbili, jambo ambalo limewahi kuzua maswali zaidi ya mara moja.

Wapo wanaosema, basi muziki upigwe na kompyuta ileile. Hilo linawezekana, na mara nyingi ndilo tunalolipendekeza, ila lina mitego yake. Baadhi ya emuleta zina mpangilio wa kuishika kadi ya sauti peke yake ili kupunguza ucheleweshaji, yaani muda kati ya kubonyeza na kusikia mlio. Mpangilio huo ukiwashwa, programu ya muziki hunyamaza, na mteja hudhani imeharibika. Tukiuzima, sauti zote mbili hupita kwenye mfumo endeshi na ucheleweshaji unaweza kuongezeka, hivyo tunakaa na gemu ya kasi na kusikiliza kama mlio wa risasi bado unafuata kidole. Pia kuna suala la viwango. Sauti ya dijitali ina dari yake, na gemu yenye kelele nyingi ikikutana na wimbo uliorekodiwa hadi darini, vilele vya mawimbi hukatwa na kusikika kama kitambaa kinachochanwa. Sauti ya gemu na ya wimbo kila moja ikishushwa desibeli 6, yaani takriban nusu ya kimo cha wimbi, hatari hiyo huondoka, na nguvu iliyopungua hurejeshwa kwenye amplifaya.

Sehemu inayokula muda zaidi, ambayo mteja haioni kwa sababu haina waya wala skrubu, ni kuamua sauti ipi ya gemu ibaki. Njia ya mkato hapa ni kuinyamazisha gemu kabisa. Mteja mmoja alifanya hivyo kwenye Pac-Man, gemu ya kula vidoti huku ukikimbia mazimwi, kisha akalalamika kwamba emuleta tuliyomwekea imeifanya gemu kuwa ngumu. Tuliketi naye, tukarudisha sauti, tukamwomba acheze huku akisikiliza. Katika gemu hiyo ya mwaka 1980, mlio unaozunguka nyuma hupanda kadiri vidoti vinavyopungua, na mazimwi yanapogeuka bluu, yaani unapoweza kuyala, mlio hubadilika, kisha hurudi ulivyokuwa pindi hatari inaporejea. Alikuwa akikamatwa kwa sababu alikuwa ameondoa kengele yake ya tahadhari. Space Invaders ya 1978 nayo ina noti nne nzito ambazo mwendo wake unaongezeka kadiri maadui wanavyopungua. Ukizifunika kwa wimbo wa kasi nyingine, mikono inafuata wimbo na kuacha kufuata gemu. Kwa gemu za namna hii tunashauri muziki wa chini, usio na ngoma nyingi.

Gemu zenye muziki wake wenyewe hushughulikiwa tofauti. Katika MAME, emuleta iliyoanza mwaka 1997, kitufe cha Tab hufungua menyu ambamo unaweza kurekebisha kiwango cha sauti cha kila chipu ya gemu, yaani kijisehemu cha elektroniki kinachotoa sauti. Street Fighter II, gemu ya mapigano ya 1991, ina chipu mbili za sauti, YM2151 inayobeba sehemu kubwa ya muziki, na MSM6295 inayobeba sauti zilizorekodiwa, kama za wapiganaji. Tukiishusha ya kwanza, muziki wa gemu unafifia, na mateke na sauti za wapiganaji vinabaki. Mgawanyo huo hautengani kisawasawa katika kila gemu, na gemu nyingine zina chipu moja kwa kila kitu, kwa hiyo tunalazimika kufungua gemu moja moja, kusikiliza, kurekebisha na kuhifadhi. Kabati lenye gemu 40 lina kazi hiyo mara 40.

Tunazima pia sauti za maonyesho, zile ambazo gemu hupiga ikiwa haina mchezaji ili kuwaita wapita njia. Bodi nyingi za zamani zilikuwa na swichi ndogo za kazi hiyo, na emuleta huziiga kwenye menyu. Tusipozigusa, gemu itaukatiza muziki wako kila baada ya muda mfupi hata kama hakuna aliyeshika usukani. Out Run, gemu ya kuendesha gari ya 1986, ndiyo tunayoiacha kama ilivyo, isipokuwa mteja akisisitiza, kwa kuwa mchezaji huchagua wimbo kwenye redio kabla ya gari kuondoka, na kuifuta sehemu hiyo ni kuondoa kipande cha gemu chenyewe.

Mteja aliyetuandikia tulimwalika aje. Tulifungua mlango wa nyuma wa kabati, tukamwonyesha rizista tulizochomea na orodha ya gemu zake, kila moja ikiwa na viwango vyake vimeandikwa kwa kalamu. Aliuliza kwa nini gemu tatu hazikuwa na tiki. Tulimweleza kwamba hizo tulishindwa kutenganisha muziki na milio, na hatukuzitoza. Waya wake wa Y tumeufunga ndani ya mfuko wenye lebo, uko chini ya amplifaya, na anaweza kuutumia siku atakapotaka kupeleka sauti ya kabati kwenye spika za pili.