Barua ya wazi kwa Msajili wa Makampuni: tunaomba kuiona rejista yetu

Ndugu Msajili,

Nakuandikia kutoka Mpunguzi, Dodoma. Mimi ni mkulima wa zabibu na mwanahisa wa kampuni moja ya huku ambayo sitaitaja jina. Fedha za kununulia hisa zangu zilikatwa msimu baada ya msimu kwenye malipo ya zabibu. Hati yake naitunza sandukuni pamoja na karatasi za shamba.

Mwaka jana tulikwenda watatu ofisini kuomba kuona rejista ya wanachama, yaani daftari la majina ya wanahisa, na mihtasari ya mikutano mikuu. Tulisikia kuna majina mapya yameingia, nasi hatukumbuki kuitwa kwenye mkutano wowote. Karani akatuuliza, "Mna kibali cha nani?" Tukaambiwa tuandike barua. Tukaandika, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na hadi leo kimya.

Sheria ya Makampuni ya 2002, Sura ya 212, haidai kibali. Mwanachama anaiona rejista bila malipo, na hata mtu wa nje anaruhusiwa akilipa ada. Mihtasari ya mikutano mikuu nayo iko wazi kwa mwanachama bure. Hesabu zilizokaguliwa zinapaswa kutufikia siku 21 kabla ya mkutano. Kumnyima mtu rejista ni kosa, na mahakama inaweza kuamuru ifunguliwe mara moja. Vitabu vya hesabu vya kila siku sividai. Vitabu hivyo sheria imewaachia wakurugenzi, na sina ugomvi na hilo.

Najua naweza kulipia nikapekua jalada la kampuni kwenye masjala yako. Lakini humo mna kile tu ambacho kampuni yenyewe imekuletea, na mihtasari ninayoitafuta haimo. Mahakamani nako ni nauli na wakili, kwa ajili ya daftari ambalo ni haki yangu kulisoma bure!

Ombi langu ni waraka wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ubandikwe katika kila ofisi iliyosajiliwa ya kampuni: mwanahisa anaruhusiwa kuona nini, na akikataliwa alalamike wapi. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Mzee tuliyekuwa naye siku ile hasomi Kiingereza, ila hisa anazo nyingi kuliko mimi.

Baada ya mavuno tutarudi pale ofisini. Tungependa safari hii tuwe na waraka wako mkononi.

Mkulima na mwanahisa,
Mpunguzi, Dodoma